Tunampeleka mama kutibiwa India, ndege za ndani tuchague ipi?

Shikamoo Anti,

Pole na majukumu. Naandika nikiwa nimechoka kwa kweli maana hili jambo limetugawa nyumbani na siku zinazidi kwenda. Mama yetu ana miaka 67, ana tatizo la pingili za mgongo la muda mrefu, sasa hivi mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi na akikaa kidogo tu anaanza kulalamika. Tulituma vipimo vyake hospitali moja ya Chennai kule India wakajibu kwamba wanaweza kumfanyia upasuaji, ukoo umechanga, hela ipo, siyo nyingi lakini ipo. Mimi ndo nitakayeenda naye na sijawahi kufika India.

Mpango tulivyoupanga ni hivi, katikati ya Novemba tutoke Dar na ndege ya moja kwa moja mpaka Mumbai, pale tuunganishe ndege ya ndani twende Chennai. Akishapata nafuu na daktari akiruhusu, mwishoni mwa Desemba tupande ndege nyingine ya ndani Chennai mpaka Delhi, kwa sababu kitinda mimba wetu anasoma Noida jirani na Delhi na anahitimu, na mama ameapa kwamba lazima amuone mwanae amevaa joho. Halafu mwanzoni mwa Januari Delhi mpaka Mumbai, Mumbai nyumbani. Kwa hiyo ndege za ndani ni tatu.

Vurugu ndo ziko hapo kwenye hizo tatu. Kaka yetu mkubwa anasema ndege ni ndege tu, tuchukue ya bei ya chini kuliko zote, ameona kwenye apu moja tofauti kama rupia 1,500 kwa kichwa, yaani kama elfu arobaini ya kwetu, anasema hiyo ni hela ya dawa. Dada yetu aliyeolewa Muscat yeye hataki kusikia lingine ni Air India tu, shirika lenye jina, unapewa na chakula. Mama akisikia Air India anauliza "ile iliyoanguka?" halafu ananyamaza, na mama akinyamaza sisi wote tunajua maana yake. Binamu yetu aliyesoma huko anasema IndiGo ndo watu wote wanapanda, lakini huyohuyo ndo alitusimulia kwamba Desemba 2025 abiria walilala sakafuni kwa sababu ya hao hao IndiGo. Na kuna wakala Kariakoo anataka tumkabidhi hela atukatie zote kwa mpigo, tukimuuliza ni shirika gani anajibu mtaona kwenye tiketi.

Kinachonitisha zaidi ni yaliyomkuta jirani yetu, alimpeleka mumewe huko huko, ndege ya kwenda ilichelewa, alipofika kupanda ya ndani kaunta imeshafungwa, shirika likamwambia tiketi yake imekufa anunue nyingine, na mabegi aliyoruhusiwa bure kutoka Dar akatozwa hela mpaka akatoa ya hospitali. Mimi nikiwa na mama asiyeweza kusimama foleni nitafanyaje?

Hatujalipa chochote bado, hata hiyo ya kwenda Mumbai. Nisaidie Anti, tuchague shirika gani? Na mdogo wetu anataka kumpeleka mama Agra akaone Taj Mahal, nako ni ndege?

Binti wa Pili, Morogoro

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole nyingi na umwambie joho ataliona inshallah.

Nimefurahi sana kusikia hamjalipa, maana ingekuwa mmeshalipa ningekujibu vingine. Nyumbani mnagombana kuhusu jina la shirika wakati kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza, nalo ni hili: ikitokea ndege yenu imefutwa siku hiyo, inayofuata ya shirika hilohilo ni saa ngapi? Kwa kijana mwenye begi la mgongoni bei ya chini ni sawa, akikwama atajilaza popote. Kwa mama mwenye mgongo mbovu shirika zuri ni lile ambalo likikosa kuwaondoa saa nne asubuhi linaweza kuwaondoa saa nane mchana, basi. Sasa twende nalo swali hilo.

Kwanza ujue kule India mashirika ya ndani yanakufa, tena yakiwa na abiria mkononi. Kingfisher ilisimama 2012. Jet Airways ambayo ilikuwa kubwa na inaheshimika ilisimama Aprili 2019. Go First, zamani ikiitwa GoAir, ikasimama Mei 2023, watu wana tiketi za likizo wameshalipia wakaambiwa wajiandikishe kwenye orodha ya wanaodai. Kwa hiyo kukata tiketi ya miezi kadhaa mbele kwa shirika linaloyumba eti kwa sababu limepunguza elfu arobaini, mimi sikushauri. Leo waliobaki wakubwa ni IndiGo, ambao peke yao wanabeba zaidi ya nusu ya abiria wote wa ndani, halafu kundi la Air India ambalo tangu Januari 2022 lipo chini ya kampuni ya Tata. Vistara ambayo watu waliipenda iliingizwa Air India Novemba 2024, kwa hiyo mtu akikwambia panda Vistara ujue taarifa zake ni za zamani. Air India Express ni mdogo wake wa bei nafuu. Akasa walianza Agosti 2022, wapo vizuri tu ila ndege zao bado siyo nyingi. SpiceJet wapo lakini wamepungua sana, mwaka 2022 mamlaka ya anga ya India, DGCA, iliwahi kuwaamuru warushe nusu tu ya safari zao kwa muda, na kwa safari ya mgonjwa mimi ningewaacha pembeni.

Kwenye njia zenu hizo za miji mikubwa, IndiGo na Air India wana safari nyingi kwa siku moja. Hapo ndo nilipotaka ufike. Ukiwa na tiketi ya shirika lenye safari moja tu kwa siku kwenye njia hiyo, ikifutwa unalala. Fungua tovuti ya shirika, weka tarehe yako, hesabu safari za moja kwa moja ngapi zinabaki baada ya hiyo unayotaka, usinunue ya mwisho ya siku hata ingekuwa bei ya kutupa.

Binamu yenu hajadanganya kuhusu IndiGo. Mwanzoni mwa Desemba 2025 walifuta safari nyingi mno, kuna siku moja zilipita elfu moja, na sababu ilikuwa sheria mpya za muda wa kupumzika marubani, zilipoanza kufanya kazi kwa ukamilifu shirika likawa halijapanga marubani wa kutosha. Serikali ikaingilia, ratiba yao ikapunguzwa. Sasa wengine wanachukulia hiyo kama sababu ya kuwakimbia, mimi naona inafundisha kitu kingine, kwamba hata shirika kubwa kuliko yote linaweza kuanguka wiki nzima, kwa hiyo kinga yako ni siku ya akiba. Kama hospitali imewaambia mripoti Jumatano, fikeni Chennai Jumatatu. Sherehe ya mahafali ikiwa tarehe fulani, muwe Delhi siku tatu kabla, na msiweke ndege ya ndani na ndege ya nje, iwe ya kwenda au ya kurudi, siku moja kwa tiketi mbili tofauti, hata kidogo. Jirani yenu ndo ilimponza hiyo.

Sasa Air India na mama. Ajali anayoikumbuka ni ya tarehe 12 Juni 2025, Boeing 787 iliyokuwa inatoka Ahmedabad kwenda London Gatwick, ikaanguka muda mfupi baada ya kuruka, ndani walikuwa watu 242 akapona mmoja tu. Ni msiba mzito na mama ana haki ya kuogopa. Unaweza kumweleza kwamba safari nyingi za ndani za Air India wanatumia Airbus ndogo za familia ya A320, siyo ndege ya aina ile, lakini mwanangu usimlazimishe. Mtu anayeenda kulazwa na kupasuliwa mgongo anahitaji moyo uliotulia, na kwa bahati nzuri kwenye njia zenu Air India siyo peke yake, kwa hiyo hakuna unachopoteza ukimsikiliza. Dada wa Muscat mwambieni chakula mtabeba, ndege ya saa mbili tatu haimuui mtu njaa.

Lakini kuna jambo nataka mlifikirie kabla ya hayo yote, na kwangu hili ndo ushauri wenyewe. Kwa nini mnapita Mumbai? Najua ndege ya moja kwa moja kutoka Dar inavutia, kama saa sita hivi mmeshuka India, ila hebu ona kinachofuata. Kwa kawaida mgeni akitua India anamalizana na uhamiaji na forodha kwenye mji wa kwanza anaofika, anachukua mabegi yake, anayasukuma mwenyewe, anaanza upya kama abiria wa ndani. Mumbai ndege za nje zinatua Terminal 2, ndege za ndani nyingine zinaondokea hapo hapo T2, nyingine T1 ambayo ipo upande mwingine wa uwanja, unatoka nje unachukua teksi kwenye foleni ya magari ya Mumbai. Air India wapo T2, Akasa T1, IndiGo wapo kotekote inategemea namba ya safari. Na sasa hivi kuna uwanja mwingine kabisa, Navi Mumbai, umeanza kupokea abiria Desemba 2025, upo mbali huko ng'ambo, ukishuka uwanja wa zamani ukaambiwa ndege yako ya Chennai inaondokea huko umeisha. Mwambie kaka yako arudi kwenye ile apu aangalie herufi tatu za uwanja kwenye ile tiketi ya bei chee, uwanja wa zamani ni BOM, mpya ni NMI. Nauli ya teksi ya kuvuka huko itammalizia zile elfu arobaini zote na mama atakuwa amekaa kwenye gari na mgongo ule.

Badala ya hapo tafuteni tiketi moja ya kuingilia mji mmoja na kutokea mji mwingine. Kwenda Dar mpaka Chennai, kurudi kutoka Delhi mpaka Dar, zote kwenye tiketi moja yenye namba moja. Oman Air wanafika Dar, Chennai na Delhi, wote wanapitia Muscat, Ethiopian nao waangalieni kwa kupitia Addis. Mtabadilisha ndege njiani ndiyo, ila ni ndani ya uwanja mmoja, kiti cha magurudumu kinawasubiri mlangoni, mabegi yanaenda yenyewe mpaka Chennai na kilo zilezile za safari ya nje, na ya kwanza ikichelewa mkaikosa ya pili ni jukumu lao kuwapandisha nyingine kwa sababu ni tiketi moja. Dada yenu akitaka kumuona mama Muscat hiyo ni habari ya viza na muda, mpange wenyewe. Linganisheni jumla yote, siyo nauli ya Dar peke yake, yaani nauli ya Mumbai jumlisha ndege mbili za ndani, jumlisha mizigo, teksi na hoteli ya Mumbai siku mtakayolala, ndo muweke pembeni na hiyo tiketi moja. Sitashangaa zikikaribiana. Na mkifanya hivo ndege za ndani tatu zinabaki moja, Chennai mpaka Delhi, na ugomvi wa nyumbani unapungua kwa kiasi kikubwa.

Hiyo moja iliyobaki, karibu saa tatu angani, mimi ningemkatia mama IndiGo ya asubuhi inayofika Delhi kati ya saa sita mchana na saa kumi jioni. Saa hizo ninazitaja kwa sababu. Delhi mwisho wa Desemba na Januari inafunikwa na ukungu mzito usiku mpaka asubuhi, ndege za alfajiri zinachelewa au zinageuzwa kwenda miji mingine, mchana ndo kunakuwa na afadhali. Hata tiketi ya kurudi nyumbani kutoka Delhi, kama kuna chaguo la mchana chukua la mchana. Na Chennai nako siyo salama sana miezi hiyo, mvua zao kubwa ni Oktoba mpaka Desemba pamoja na vimbunga, tarehe 4 Desemba 2023 kimbunga Michaung kilifurisha mpaka njia ya kurukia ndege wakafunga uwanja, mwaka uliofuata mwishoni mwa Novemba wakafunga tena kwa kimbunga Fengal. Kwa hiyo ukiona habari ya hewa inazungumzia Ghuba ya Bengal usisubiri siku ya safari, ingia kwenye tovuti mapema uone kama wameruhusu kubadilisha tarehe bure, huwa wanafanya hivo.

Mzigo ndo umemla jirani yenu kwa hiyo nisikilize vizuri. Tiketi ya kawaida ya ndani India ni kilo 15 za begi la kupakia na kilo 7 za mkononi, IndiGo hivo, Akasa hivo, na tiketi za chini za Air India pia hivo. Mtakuwa mmetoka Dar na kilo nyingi kuliko hizo halafu mnaenda Delhi na 15. Kuna njia mbili tu, mbebe kidogo tangu mwanzo, au mnunue kilo za ziada onlaini siku mnayokata tiketi au kabla ya kwenda uwanjani, ni nafuu kuliko kaunta. Angalieni pia kama tiketi inasema begi moja, maana wengine hata kama kilo hazijazidi begi la pili wanalitoza. Mafaili ya hospitali, CD za MRI, dawa na karatasi ya daktari ya hizo dawa, vyote vinakaa kwenye begi la mkononi, usiviweke kwenye begi la kupakia kwa namna yoyote. Pawabenki nayo mkononi.

Kiti cha magurudumu usiende kuombea kaunta. Weka ombi wakati wa kukata tiketi, na uthibitishe kwa simu angalau saa 48 kabla. Kwa kuwa mama atakuwa ametoka kufanyiwa upasuaji shirika litataka barua ya daktari kwamba anafaa kusafiri na fomu yao ya afya inayoitwa MEDIF, anajaza daktari, kwa hiyo mwambie daktari wa Chennai mapema asije akawa likizo siku unayoihitaji. Muulize pia akae vipi kwenye ndege, ainuke kila baada ya muda gani, na kama anahitaji mkanda wa mgongo. Chagua kiti cha kando ya njia, mbele karibu na mlango, ulipie hicho kiti, hiyo siyo hela ya kubania. Mstari wa mlango wa dharura hawatamruhusu. Ndege nyingi kule zinaegeshwa mbali mnapelekwa na basi, na hapo ndo ngazi zinakuwa tatizo, IndiGo wana madaraja ya mteremko yasiyo na vidato ambayo kiti cha magurudumu kinapanda moja kwa moja, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuwaelekea wao kwa mama yenu. Ila uliza kabla, usiamini tu.

Kukata tiketi, kata kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Apu za wauzaji wa kati zinaonyesha bei ya chini mwanzo halafu unapofika kulipa inaongezeka ada yao, na ndege ikifutwa shirika linakwambia hela tumemrudishia uliyenunua kwake, unaanza kufukuzana na mtu mwingine. Kadi za huku kwetu wakati mwingine zinagoma kwenye tovuti za India, ikigoma mdogo wenu wa Noida alipe kwa kadi yake ya huko mumrudishie. Namba ya simu mtakayoiweka kwenye tiketi iwe ya India, yake yeye, maana taarifa za kuchelewa na kufutwa zinakuja kwa meseji na laini yenu ya Bongo inaweza isipokee kitu. Majina yaandikwe kama pasi ya kusafiria ilivyo, herufi kwa herufi. Wakala wa Kariakoo siyo lazima awe mbaya, ila asiyekutajia shirika kabla ya kupokea hela yako usimpe hela, akitaja na akakupa namba ya tiketi ukaiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya shirika ukaiona, sawa.

Siku ya safari mfike uwanjani saa tatu kabla hata kama ni ndege ya ndani. Mlangoni kabisa kuna askari wa CISF, kikosi kinacholinda viwanja vya ndege, anaangalia tiketi na pasi, asiye na tiketi haingii, kwa hiyo msindikizaji anaishia nje na wewe ndo utakuwa peke yako na mama, tiketi iwe imechapishwa kwenye karatasi usitegemee simu yenye chaji asilimia tatu. Chek-in fanya onlaini jana yake. IndiGo kaunta inafungwa dakika 60 kabla, geti dakika 25 kabla, na hawaongezi.

Haki zenu zijue maana kaunta hawatakusomea. Sheria ya DGCA inasema ndege ya ndani yenye urefu wa safari kama yenu ikichelewa kuanzia saa tatu mnapewa chakula na vinywaji, kwa zile fupi zisizozidi saa mbili na nusu ni kuanzia saa mbili. Ikichelewa zaidi ya saa sita wanatakiwa wawape chaguo la ndege nyingine au hela yote irudi. Na kama ilikuwa iondoke kati ya saa mbili usiku na saa tisa usiku ikachelewa zaidi ya saa sita, au ni ndege yoyote imechelewa zaidi ya saa 24, hoteli ni juu yao. Wakifuta bila kuwapa taarifa mapema kuna fidia mpaka rupia 10,000 kwa safari inayozidi saa mbili, au nauli yenu ya msingi pamoja na tozo ya mafuta kama hiyo ni ndogo zaidi, isipokuwa sababu ikiwa ni kimbunga au ukungu hapo fidia hakuna, ila ndege nyingine au kurudishiwa hela inabaki haki yenu. Wakizungusha kuna mfumo wa serikali wa malalamiko unaitwa AirSewa, sema hilo jina pale kaunta kwa upole, uone. Na DGCA kila mwezi wanatoa ripoti inayoonyesha kila shirika limewahi kwa asilimia ngapi na limefuta ngapi, mdogo wenu aisome ya mwezi wa karibuni kabla hamjalipa, kama IndiGo watakuwa wameshuka sana kipindi hicho basi mgeukie Akasa kama ana safari za kutosha siku hiyo.

Agra hapana, siyo ndege, ni kama kilomita 200 tu kutoka Delhi. Treni ya Gatimaan inatoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin asubuhi inachukua kama saa moja na dakika arobaini, mama atakaa vizuri kuliko kwenye gari, ila majira ya ukungu hata treni zinachelewa. Kwa gari kutoka Noida kuna barabara kuu ya Yamuna, nzuri kweli, lakini Desemba na Januari asubuhi ukungu wake umeua watu, kwa hiyo kama mnatumia gari msiondoke kabla jua halijawaka sawasawa. Daktari akubali kwanza. Na msiende Ijumaa, Taj Mahal inafungwa siku hiyo.